Pwani, Mjini, Pwani Tena

Jirani yangu anajenga uzio. Jumamosi iliyopita alileta nguzo zake, akazilaza uani na kuanza kuzipaka oili chafu ili mchwa wasizile. Jua lilipopanda, harufu ikaruka ukuta ikanifuata jikoni, nami napepeta mchele. Nikajikuta nimesimama wima, ungo mkononi, uso nimeugeuza kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unamtafuta nani?" Nikamwambia natafuta treni. Akachungulia dirishani, akanitazama, akaenda zake. Watoto wa siku hizi wanasemwa vibaya bure. Huyu wangu ana adabu, hakuniambia usoni kwamba nimechanganyikiwa.

Harufu ile kwangu ni ya taruma. Wenzangu mliokulia Nachingwea miaka yetu mnalijua taruma, maana nusu ya mabenchi ya mji ule yalikuwa mataruma: yale magogo mazito ya kulaza chini ya reli, yaliyonyweshwa dawa nyeusi mpaka kwenye kiini. Ukilikalia saa sita mchana unainuka na alama ya lami kwenye sketi, na nyumbani unaulizwa ulikuwa wapi. Reli yenyewe Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga zao, karanga zikagoma, na vyuma vikang'olewa kabla mimi sijazaliwa. Lililobaki ni tuta. Lilipita katikati ya mashamba na mikorosho, limenyooka kwa kiburi kama mtu aliyevaa suti kwenye kilimo.

Tuta hilo lilikatiza kati ya nyumba za serikali, tulikokaa sisi, na shule yetu. Ukitoka kwetu unashuka kijibonde chenye majani marefu kuliko mtoto, halafu unapanda kwa kijia kilichochongwa na miguu ya watu, unavuka, unateremka upande wa pili. Mkono wa kulia tuta lilielekea Pwani, Mtwara huko. Mkono wa kushoto lilikwenda Nachingwea mjini. Juu yake palikuwa pakavu siku zote, kwa hiyo palikuwa na kila aina ya shughuli. Akina mama walianika makopa ya muhogo na ufuta, wazee walisukuma baiskeli zenye magunia, mbuzi walilala wakicheua. Kila mtu alipita pale atakavyo. Sisi tu, familia ya bwana shamba, ndio tuliokuwa tukivuka reli.

Bwana shamba ni baba. Alihamishiwa kusini akitokea Tabora, akaja na mama, cherehani ya mama, na sheria za mama. Mama alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa mfanyakazi wa gangi, yaani wale watu waliokaa kwenye vijumba vya kando ya reli ya kati wakiitunza njia. Alizaliwa akisikia treni na akaolewa akisikia treni. Nilipoanza darasa la kwanza alinishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye tuta, na kunifundisha kuvuka.

Karibu na juu kabisa, upande wetu, kulikuwa na taruma moja lililosahauliwa, limelala mlalo mithili ya ngazi. Hapo ndipo pa kusimama. Unanyamaza. Kama umejifunika kanga, unaiteremsha masikio yawe wazi. Unageuza uso Pwani. Unageuza Mjini. Unageuza Pwani tena. Unatega sikio. Ndipo unavuka, bila kukimbia, maana anayekimbia hujikwaa, na bila kujivuta, maana treni haimwonei mtu huruma. Kukaa juu ya tuta, marufuku. Kucheza juu yake, marufuku. Kulifuata kama njia, hata kama lingekufikisha mjini upesi, hilo lilikuwa kosa la kukuliza. Wakati wa kurudi unasimama upande wa pili na kuanza upya.

Mnacheka, lakini mimi sikuona kichekesho. Nilikwisha kumuuliza mzee mwenye duka treni iko wapi, naye, akipima mafuta ya taa, akanijibu kwa upole, "Iliondoka, mwanangu. Ilikwenda Pwani, haijarudi." Sasa mtoto akiambiwa mtu kaenda Pwani hajarudi, anaelewa nini? Anaelewa kwamba yuko njiani. Ndiyo maana tulianza kutazama Pwani, na ndiyo maana tulitazama huko mara mbili. Niliwaonea huruma wale waliokuwa wameanika ufuta wao juu ya njia ya treni, nikaona hawajaambiwa.

Mama Somoe ndiye aliyekuwa hawezi kuivumilia sheria ile. Alikuwa jirani yetu, Mmwera mwenye asili ya Ruponda, mkulima wa korosho na ufuta, mwenye sauti iliyokuwa ikifika nyumbani kabla yake. Binti yake Somoe tulikuwa darasa moja na dawati moja. Mama Somoe na mama yangu walipishana karibu kwa kila kitu, tangu namna ya kupika mboga mpaka namna ya kubeba mtoto, ila walikubaliana kwa jambo moja: lugha zao zote mbili hazikuwa na shida na herufi ya r kwa sababu hazikuitumia. Wote wawili reli waliiita leli.

"Mama Sabina," alisema siku moja, amekaa kibarazani kwetu akisubiri blauzi yake, "ile leli imekufa. Mtoto anaipigia hodi maiti?"

"Leli haifi," mama akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Inalala."

"Imekufa, na vyuma vyake wamebeba. Mie nimeanika ufuta juu ya kaburi lake mwaka wa ngapi huu."

"Wewe anika. Mwanangu atasimama."

"Anamsimamia nani sasa?"

Mama akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Mimi simfundishi treni, dada. Namfundisha mguu. Mguu ukizoea kusimama, hata akili ikilala wenyewe utasimama."

Mama Somoe akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kwa wiki nzima kila akinikuta njiani alikuwa akiuamkia mguu wangu kwanza. "Hujambo, mguu? Umesimama vizuri leo?" Nami nikawa namjibu kwa niaba ya mguu, maana mkubwa akikujulia hali lazima umjibu.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda kilikuwa mikono.

Mama alikuwa amenifundisha Pwani na Mjini, basi. Hakuna aliyenifundisha kulia na kushoto, na mimi mwenyewe sikujua kama nimepungukiwa. Nilijua nina mkono wa Pwani na mkono wa Mjini. Nilijua pia kwamba mikono hiyo hubadilishana majina. Ukienda shule, mkono ninaolia chakula ndio wa Pwani. Ukirudi nyumbani, ule ule unakuwa wa Mjini. Niliona ndivyo watu wote walivyoumbwa, na wala sikushangaa, kama ambavyo hamkushangaa nyinyi kwamba usiku ni usiku.

Shule yetu ikachaguliwa kushiriki halaiki uwanjani mjini. Kwa rika letu halaiki haihitaji maelezo: gauni jeupe, raba nyeupe zilizopakwa chaki, mamia ya watoto wanainua mikono kwa pamoja. Mimi nilichaguliwa safu ya mbele kwa sababu ya ufupi. Mama alikuwa amekwisha kulikata gauni langu. Siku ya kwanza ya mazoezi mwalimu akapuliza filimbi, akasema, "Mkono wa kulia, juu." Mikono yote ikaenda juu isipokuwa yangu. Nilikuwa nageuka kutafuta tuta liko wapi.

"Wewe wa mbele," mwalimu akasema, "vipi?"

Nikamuuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, tunakwenda shule au tunarudi nyumbani?"

Safu nzima ilianguka chini kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe aligeuka akatupa mgongo, mabega yakimtikisika. Lakini alijaribu siku hiyo, akajaribu na kesho yake, na kila mara watoto wakiinua kulia mimi nilikuwa bado napiga hesabu ya safari. Siku ya tatu akanitoa. Tangu hapo jina langu likawa Pwani, na hata leo wapo watu Nachingwea wasiojua kwamba naitwa Sabina.

Nililia njia nzima, nikalia mpaka baba aliporudi kazini. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alivua kofia, akakaa, akasikiliza habari yote, akamwambia mama taratibu, "Mama Sabina, mtoto ametolewa kwenye halaiki kwa sababu ya treni isiyokuwepo."

Cherehani ikanyamaza. Gauni jeupe lilikuwa pale mezani, limebaki mikono tu. Mama alilitazama, akalikunja, akaliweka kando.

"Basi," akasema. "Kuanzia kesho avuke kama watu."

Nilifurahi sana, siwafichi. Nilimwona mama akigeukia ukutani, anatafuta kitu ambacho hakikuwepo pale, lakini furaha yangu ilikuwa kubwa nikampita nikakimbilia kwa Somoe kumpasha habari.

Inabidi niwakumbushe miaka yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa baada ya vita, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na mafuta ya magari ndiyo usiseme. Mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara ya kwenda maghala ya korosho, basi malori yakaanza kupita juu ya tuta. Hayakuwa mengi. Lori likija ulilisikia likinguruma tangu mbali, akina mama wakakunja majamvi yao, likapita, wakatandika tena. Ila madereva walikuwa wamejifunza ujanja wa kubana mafuta. Wakifika mteremkoni wanazima injini, wanaliachia lori lishuke lenyewe. Na upande wa Pwani, kabla ya kivuko chetu, tuta, pale tu lilipoacha kunyooka, liliteremka kwa kujikunja nyuma ya kichaka.

Tulikuwa tukisoma zamu ya mchana. Kesho yake tulitoka mimi na Somoe, jua la utosi, yeye na kidumu chake cha maji ya kumwagilia bustani ya shule, mimi na ufagio. Tulishikana mikono, tukateremka kijibonde kwa mbio, tukaanza kupanda kwa mbio. "Leo tunapita kama watu," Somoe alikuwa akiimba, "leo tunapita kama watu." Nami naitikia. Hewa ya pale ilikuwa imejaa lami ya taruma lililochemka juani.

Nikalikanyaga taruma, na mguu ukasimama.

Sikuusimamisha. Wallahi, kama asemavyo Somoe, sikuwa na wazo lolote la kusimama. Nilikuwa katikati ya wimbo. Mguu ulifika pale ulipozoea ukagoma, na kwa kuwa nilikuwa nimemshika Somoe mkono, naye alikuwa amenitangulia, alivutwa nyuma akakaa kitako. Kidumu kikamtoka, kikabiringika juu ya tuta.

"Aa, Pwani nawe," akaniambia kwa hasira. "Si umeruhusiwa?"

Nilikuwa nimekwisha kugeuza uso. Sikusikia injini. Nilisikia kokoto tu zikisagika, kama mtu anayetafuna makopa makavu, halafu kichaka kikatoa lori zima, limesheheni magunia, linakuja kimya. Lilipita mbele ya magoti yetu. Upepo wake ulinipepea sketi. Juu ya magunia utingo alikuwa amelala chali, akainua kichwa, akatuona, akafumbua mdomo, na wakati huo walikuwa wamekwisha kutupita. Mbele kidogo dereva akawasha injini wakaenda zao. Kidumu cha Somoe kilikuwa bapa kama chapati.

Mnajua niliwaza nini? Sikuwaza kwamba tumepona. Niliwaza, treni imerudi.

Nikamwacha Somoe amekaa juu ya taruma, nikakimbia nyumbani nikipiga kelele, "Mama, treni imerudi. Treni imerudi, mama." Mama alikuwa akifumua gauni langu ili kitambaa kisipotee bure. Alitoka bila kanga ya kichwani, bila viatu, akanipita, akapotea kwenye majani marefu. Nilipomfikia alikuwa amempakata Somoe, anampapasa kichwa, mikono, miguu, kisha anaanza tena kichwani. Kidumu kilikuwa kando yao. Baadaye alinivuta na mimi, akatukumbatia wote wawili kwa nguvu mpaka nikalalamika, na tukakaa hivyo watatu juu ya taruma, sketi zetu zikinyonya lami.

Jioni Mama Somoe alikuja. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikumtangulia. Alikuwa na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, imefunikwa, akaiweka chini, akakaa karibu na cherehani. Akangoja mpaka mama akaacha kushona.

"Nimekiona kidumu," akasema.

"Mungu mkubwa," mama akamjibu.

"Mungu mkubwa, ndiyo. Lakini Mungu alitumia mguu wa mtoto wako." Akanivuta kwake, akaushika mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili. Safari hii hakuuliza umeamkaje. Aliinama akaubusu, mguu wenye vumbi, mama yangu akamwambia asifanye hivyo, yeye hakumsikiliza. Kisha akasema, "Ile sheria yako, dada, usiifute."

"Nimekwisha kuifuta."

"Basi iandike upya. Na wa kwangu umwandike."

Halafu akachana upindo wa kanga yake, kanga nzuri ya kuvaa Idi, akanifunga utepe kwenye kifundo cha mkono. "Huu ndio wa kulia. Ukienda shule wa kulia. Ukirudi wa kulia. Ukienda Pwani, ukienda Ruangwa, huu hauhami." Somoe, aliyekuja naye, akatoboa siri kwamba na yeye alikuwa hana hakika sana, akafungiwa wake. Kwa utepe ule nilirudishwa kwenye halaiki, safu ya nyuma, na mama alikesha akiliunga tena gauni alilokuwa amelifumua na kulitia mikono. Niliinua mkono wa kulia juu pamoja na wenzangu, na sikuhitaji kujua tunakwenda wapi.

Tangu siku hiyo nilimwona Mama Somoe mara nyingi, ungo wa ufuta kichwani, amesimama juu ya taruma. Hakugeuza kichwa kwa sababu ya mzigo. Aligeuka mwili mzima, Pwani, Mjini, Pwani tena, polepole, ungo hautikisiki. Na kama kuna mtu alicheka, yeye alivuka kwanza, ndipo alipompa maneno yake.

Baadaye baba akahamishiwa Ruangwa. Asubuhi ya kwanza ya shule mama alinisindikiza, tukatoka nje, akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Njia ilikuwa tambarare, mihogo kulia na kushoto, hakuna tuta mpaka Chinongwe. Nilimwona mikono imemlegea, nikamwuliza, "Mama, huku tusimame wapi?"

"Huku leli haikufika," akasema, na akanishika mkono mpaka mlangoni mwa darasa, ingawa nilikuwa mkubwa wa kwenda peke yangu. Nilidhani anaogopa malori. Nilidhani hivyo kwa miaka mingi.

Watu wananiuliza, nikiwasimulia, kama sheria zile zilikuwa na maana au zilizidi. Zilizidi. Kumsimamisha mtoto kila siku kwa ajili ya treni iliyokwisha kung'olewa ni kuzidi, na Mama Somoe alikuwa na haki ya kucheka. Lakini lori lile lilikuja siku ambayo hakuna sheria yenye kiasi ingetusimamisha. Mimi nashukuru mama hakuwa na kiasi. Nina watoto, nina mjukuu mwenye adabu jikoni, Somoe naye ana watoto sita, na sijui kama kuna shukrani ya kutosha kwa kitu hicho.

Mama tulimzika kwao mwaka jana, kijiji cha kando ya reli, mkoa wa Tabora. Kabla ya hapo sikuwahi kufika. Somoe alitoka Nachingwea kwa mabasi kuja kumzika, amechoka, mguu umemvimba, hakutaka kusikia kwamba angeweza kutuma rambirambi. Makaburi yako ng'ambo ya reli. Vijana wa pale walibeba jeneza begani, sisi tukafuata kwa miguu, na tulipokaribia njia ya treni nikaona vyuma viwili vinang'aa juani, na chini yake mataruma, na harufu ile ikanijia.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa ametangulia. Akainua mkono. Waombolezaji wote wakasimama, na wenye jeneza wakasimama. Mzee yule akageuza uso upande wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayewaambia watoto, "Pwani." Akageuza kushoto. "Mjini." Akarudisha kulia. "Pwani tena."

Kwa hiyo hayakuwa maneno ya Nachingwea. Yalikuwa ya pale, ya babu yangu na vijumba vya gangi, Pwani ya Dar es Salaam na Mji wa Tabora, na mama alikuja nayo kusini kwenye mzigo pamoja na cherehani, akakuta tuta ambalo nalo lilikuwa na Pwani na Mjini wake. Nikamwona mama kijana, hana ndugu hata mmoja upande ule wa nchi, anapanda tuta kila siku na mtoto wake mkononi, anateremsha kanga masikioni, anasikiliza. Nikamwambia Somoe, "Hakuwa akisikiliza treni. Alikuwa akisikiliza kwao."

Somoe alinishika mkono, ule wa utepe. Tulisimama na kila mtu kimya, mpaka mjomba alipotosheka kwamba hakuna kinachokuja, na ndipo tukamvusha.